Mzamiaji Mkongwe Anajibu: Kwa mama nitaaga vipi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Naongoza wazamiaji hapa Nungwi, nina mbizi 300 na ushei. Mgeni wangu mmoja amenialika Kisiwa cha Cocos, Costa Rica, tukazamie na papa. Mama anasema nimechoka kuishi. Nimwambie nini?
Mjukuu wa Mvuvi, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama ana haki ya kuogopa, ila anaogopa sicho.

Kisiwa kile ni kilele cha volkano kilichochomoza peke yake Pasifiki, kilomita 550 hivi kutoka bara. Kutoka Puntarenas tulisafiri saa 36, nikatapika mpaka nyongo, mimi niliyekulia ngalawani! Hakuna hoteli, nchi kavu wanalala askari wa hifadhi tu, nyinyi mtalala melini. Ukipatwa na ugonjwa wa mzamio, ule wa mapovu ya gesi mwilini ukikaa chini mno au ukipanda haraka, hospitali iko mwisho wa saa hizo hizo. Kwa hiyo kompyuta ya mkononi, ile inayopima kina na muda wako chini ya maji, ikisema panda juu, panda.

Papa pingusi, wale wenye kichwa cha nyundo, ni waoga kuliko kuku. Pale Manuelita, kisiwa kidogo kando ya Cocos, huja miambani kusafishwa na samaki wadogo wa njano wanaowadonoa vidusia. Unashika jiwe kwa glavu, unapumua polepole, unangoja. Siku ya kwanza niliwakimbilia na kamera, nikaambulia mikia na matusi ya wenzangu kwa ishara za mikono. Siku ya tatu nikatulia, wakapita juu yangu hadi mwanga ukapungua. Wengi huonekana Juni hadi Novemba, mvua nayo haikatiki.

Sitakuficha: Novemba 2017 papa taiga, yule mwenye milia, alimuua mtalii palepale Manuelita na kumjeruhi kiongozi wake, wakiwa wanapanda juu. Basi pandeni pamoja, macho huku na huku, asibaki mtu nyuma.

Lakini kilichoninyima usingizi mimi ni mkondo. Bajo Alcyone ni mlima uliozama, kilele chake kipo mita 25 hivi chini. Ukiachia kamba ya kushukia umekwenda na maji, na huko hakuna dau la mvuvi litakalokuokota. Beba boya la ishara, filimbi, kioo na kifaa cha kutuma mahali ulipo.

Mama mwambie utampigia ukirudi Puntarenas, asikeshe na simu. Na vidonge vya kichefuchefu umeze kabla ya kung'oa nanga.