Mkuu, kabla hujalipa uliza: hiyo "filamu" imebeba episodi zipi?

Rudisha hizo tiketi. Niliingia humu kutafuta fundi wa gari, nikakutana na uzi wako, nimeshindwa kupita kimya.

Kwa mnaoanzia hapa: mleta mada yuko Iowa, Marekani, ameshakata tiketi, anataka kuendesha hadi Des Moines tarehe 5 Desemba 2025 akaone filamu ya anime (katuni za Kijapani) iitwayo Jujutsu Kaisen: Execution na mkewe, ambaye hajawahi kuona anime hata moja. Ameuliza mambo manne. Filamu za anime zinastahili kwenda ukumbini au asubiri mtandaoni? Achukue skrini kubwa ya bei au ya kawaida? Asikilize Kijapani na maandishi chini, au Kiingereza? Na shemeji ataelewa? Watu wameshajaza kurasa mbili za "nenda mkuu, sinema ni uzoefu". Uzoefu wa nani? Kuna hata mmoja wenu aliyemwambia kilichomo ndani ya hiyo Execution?

Nitamwambia mimi. Ni mkasa wa Shibuya wa sizoni ya pili, ule uliorushwa Agosti hadi Desemba 2023, umekatwakatwa na kubanwa, halafu mwishoni wamebandika episodi mbili za kwanza za sizoni ya tatu. Sizoni ya tatu inaanza Januari 2026. Yaani nusu umeshaiona, na nusu nyingine utaiona sebuleni umevaa soksi kabla risiti ya sinema haijafutika wino. Hicho ni kiporo. Wamekipasha moto, wamekitia kwenye sahani ya kioo, wanakuuzia kwa bei ya pilau.

Najua kwa sababu mwaka 2023 nilikula kiporo cha namna hiyohiyo, tena nilisafiri kukifuata.

Naishi mji mdogo magharibi mwa Minnesota, mwendo wa karibu saa mbili hadi Minneapolis barabara ikiwa safi. Mwezi wa tatu huku barabara huwa haijawahi kusikia neno "safi". Basi kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda anime, Waswahili wa majimbo mbalimbali, admin akatupia bango la Demon Slayer: To the Swordsmith Village, anime ya wawinda mapepo, inaingia kumbi za Marekani tarehe 3 Machi. Chini yake akaandika kwamba ni filamu mpya, dakika 110 za moto mtupu, atakayeikosa asijiite shabiki. Na emoji za moto, nyingi kuliko maneno.

Mimi nilikuwa nimetoka kuiona Mugen Train, filamu ya Demon Slayer iliyotangulia, bado nina mshituko wake. Nikajua kabisa hii ndiyo inayofuata. Bango lilionyesha Tanjiro, shujaa mkuu, lilionyesha kijiji, jina lina kijiji. Nani angewaza vingine? Msicheke, nasoma mikataba kazini na huwa naisoma hadi mwisho. Tatizo ni kwamba bango halina ukurasa wa pili.

Mke wangu alibadilishana zamu na mwenzake ili apate hiyo Jumamosi, na ile zamu aliyoichukua badala yake ilikuwa ya usiku, kumbuka hilo maana nililisikia kwa muda mrefu. Tukabeba na wapwa zangu wawili. Tiketi nne, mafuta, bisi (bakuli moja la bisi pale bei yake ni kuku mzima), maegesho ya kulipia, na kofia ya Tanjiro ambayo mdogo aliililia mlangoni. Kwa jumla ilizidi dola 150. Theluji ilianza kudondoka tukiwa njiani. Nikawaambia tuko kwenye safari ya kishujaa.

Taa zikazimwa. Picha ya kwanza ya maana namwona Gyutaro, pepo wa sizoni iliyopita. Nikadhani wanakumbushia kidogo, dakika tano hivi, kama desturi. Dakika tano zikapita. Kumi. Uzui, mwinda mapepo, yuko taabani, wenzake Tanjiro, yaani Zenitsu na Inosuke, wanahangaika na shingo ya Daki, dada wa Gyutaro, na mpwa wangu mkubwa anatamka maneno ya wahusika kabla hawajayatamka wenyewe. Mbele yetu kuna mzee mmoja akageuka kumtazama. Mimi nikamwambia dogo anyamaze, lakini moyoni nilikuwa namwelewa, maana hata mimi nilikuwa nayajua.

Ile haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa episodi ya 10 na ya 11 za Entertainment District, sizoni iliyotangulia, zilezile zilizorushwa Februari 2022, mwaka mzima nyuma, nzimanzima. Mke wangu, ambaye Demon Slayer alikuwa ameiona kwa kupita tu akielekea jikoni, akaniinamia: "Hawa wanapigana kwa nini?" Nimweleze vipi? Pambano lilianza episodi kadhaa kabla, sisi tumeingia kwenye dakika zake za mwisho. Kisha ikaja ile historia ya Gyutaro na dada yake, ambayo ukiifuatilia tangu mwanzo inakutoa machozi. Yeye aliuliza kama wale ndio wabaya na kwa nini sasa tunawaonea huruma. Swali zuri kabisa. Sikuwa na jibu la kunong'ona.

Zikaisha hizo mbili, ndipo ikaja episodi ya kwanza ya Swordsmith Village, ndefu karibu saa moja. Hapo nakiri ilipendeza: lile jumba la Muzan, mkuu wa mapepo, linapinduka juu chini, Miezi ya Juu, mapepo wake wenye nguvu zaidi, imeitwa kikaoni, sauti inazunguka ukumbi mzima. Nikasema haya, sasa filamu imeanza. Tanjiro anafunga safari, anafika kijijini, kuna chemchemi za maji moto, kuna Mitsuri, mwinda mapepo mwingine. Nikajiweka sawa kitini, nikafungua pakiti ya mwisho ya peremende nisubiri pambano la upanga mpya.

Majina yakaanza kupanda.

Ndio hivyo. Tumemfikisha mtu kijijini, tumemwacha hapo, nendeni nyumbani. Njia nzima ya kurudi ndani ya gari kulikuwa na sauti moja tu, ya vifuta kioo. Halafu tarehe 9 Aprili, wiki tano baadaye, ile episodi ya saa moja ikarushwa kwenye runinga Japani na ikaingia kwenye programu ambayo tayari nailipia kila mwezi. Mke wangu akapita na kikapu cha nguo, akasimama: "Si ndiyo ile ya dola 150?" Akaendelea zake na kikapu.

Sasa nirudi kwa admin. Nilimfuata inboksi. Nikamuuliza, ndugu yangu, ulisema filamu mpya. Akajibu kwamba yeye hakusema mpya YOTE. Nikamuuliza wewe uliionaje? Kumbe hakwenda! Mji wao haikuonyeshwa. Alitoa bango kwa kijana fulani wa YouTube, na huyo kijana alikuwa ametamka "must watch" huku nyuma yake kuna rafu nzima ya midoli aliyotumiwa bure. Mtu anapewa kiti bila kulipa, atakwambia kiti ni kibaya? Na kinachoniuma zaidi ni kwamba taarifa rasmi ya wasambazaji ilieleza wazi: episodi ya 10, ya 11, na ya kwanza ya sizoni mpya, picha imeongezwa ubora, sauti imepangwa upya kwa ajili ya ukumbi. Haikufichwa. Ilikuwa sentensi moja, na katika kundi la watu zaidi ya mia mbili hakuna aliyeileta. Zililetwa emoji.

Na wiki hii admin huyohuyo ametupia bango la Execution. Moto, moto, moto.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu yeyote anayekwambia "nenda" ni hili: imebeba episodi zipi? Usimuulize kama ni nzuri wala imepata nyota ngapi. Akijibu "hakuna, ilitengenezwa iwe filamu", chukua funguo za gari. Akitaja namba ya episodi, kaa. Akisema hajui, basi hajui, na kila alichokwambia kabla ya hapo kitupe.

Lijaribu swali hilo kwenye hizi uone. Mugen Train ya 2020: ilitengenezwa iwe filamu, inaendelea pale sizoni ya kwanza ilipoishia. Najua kuna mtu anakimbilia kuandika kwamba hiyo nayo ipo kwenye runinga. Ipo, lakini waliikata vipande 2021, baada ya ukumbi. Aliyelipa Oktoba 2020 alilipia kitu ambacho hakikuwepo popote, ndiyo maana Japani peke yake iliingiza zaidi ya yeni bilioni 40 na kuipita Spirited Away iliyokaa kileleni tangu 2001. Tena Wajapani wa siku za mwanzo waligawiwa na kijitabu cha Rengoku, shujaa wa filamu hiyo, mlangoni. Sisi tuligawiwa theluji. Jujutsu Kaisen 0: filamu, na inatangulia hadithi ya sizoni ya kwanza, kwa hiyo hata asiyejua kitu anaingia nayo. Infinity Castle ya Demon Slayer, ya 2025: dakika 155, mpya zote, ingawa ni ya kwanza kati ya tatu na itakuacha njiani. Chainsaw Man, ile ya Reze: mpya, inafuata moja kwa moja baada ya episodi 12 za sizoni ya kwanza. Hizo nenda hata kwa mguu.

Upande wa pili weka Solo Leveling: ReAwakening ya 2024, muhtasari wa sizoni ya kwanza na episodi mbili za mbele. Umeuona mtindo? Sizoni mpya ikikaribia, wanachukua mwisho wa iliyopita, wanaubandikia mwanzo wa ijayo, wanaonyesha ukumbini. Ni tangazo la sizoni, na tangazo unalilipia wewe. Jina lenyewe huwa linanong'ona: ukiona limebeba mikasa miwili, au limeanza na "To the" kuelekea mahali ambapo sizoni mpya ndiko inakokwenda, simama hapohapo.

Mashabiki wa Attack on Titan najua mnanoa mapanga. Ndiyo, The Last Attack ni zile sehemu mbili za mwisho za 2023 zimeunganishwa, kwa kipimo changu ni kiporo. Lakini mtu aliyefuatilia miaka kumi akataka kuusikia ule mwisho kwa spika za ukumbi, akijua fika anachonunua, sina ugomvi naye. Kiporo cha wali asubuhi na chai hata mimi nakula. Ugomvi wangu ni na anayekiita chakula kipya.

Na zile za kuigizwa na watu kabisa zinazotokana na anime, maana kuna aliyeuliza hapo juu: Dragonball Evolution ya 2009 ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwandishi wa filamu hiyo aliwaomba mashabiki radhi hadharani mwaka 2016. Sina la kuongeza.

Shemeji sasa. Mkuu, huyo usimpeleke Execution hata ukipewa tiketi bure. Shibuya ni mahali ambapo watu unaowapenda kwa episodi thelathini wanavunjwa mmoja baada ya mwingine. Yeye hatakuwa na hata mmoja anayempenda. Ataona wageni wanakufa mfululizo kwa kasi, kwa sababu wamebanwa, halafu ghafla hadithi inageuka kuwa mchezo mwingine wenye kanuni mpya, halafu taa zinawashwa. Atakuuliza "hawa wanapigana kwa nini", na wewe utanikumbuka. Kama ni lazima aanzie ukumbini, ngoja: kila mwaka Marekani filamu za Studio Ghibli, studio ya katuni ya Japani, hurudishwa kumbini kwa siku chache chache. Ni za zamani, ndiyo, lakini nyingi zilizaliwa filamu, zina mwanzo na zina mwisho, mtu anaingia hajui chochote na anatoka amekamilika. Kama hawezi kungoja, mwekee filamu ya Your Name nyumbani Ijumaa usiku, mfanyie bisi zako mwenyewe kwenye sufuria, na hela utakazookoa zibaki mfukoni.

Kuhusu hizo tiketi ulizokwisha kuzilipia: kumbi nyingi huku hurudisha fedha ukifuta kabla onyesho halijaanza, wakati mwingine wanabakiza ile ada ya kununua mtandaoni. Ingia kwenye programu uliyonunulia, fungua oda yako, tafuta kitufe cha kurejesha. Fanya leo, usisubiri hiyo tarehe 5 ukiwa barabarani na shemeji pembeni.