Krona za Uswidi haziokotwi, mdogo wangu

Salma, nimeisikiliza ile sauti uliyotuma kwenye kundi la familia. Eti Uswidi pesa haishikwi mkononi, mtu anagusa simu tu, na krona moja inazidi shilingi 200 zetu, kwa hiyo Mama auze kiwanja cha Kigamboni uje. Imeniuma, maana nusu yake ni kweli.

Pesa haishikwi, ndiyo. Noti za kwanza Ulaya zilitolewa hapa Stockholm mwaka 1661, na benki kuu yao, ya tangu 1668, ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Leo duka la mikate linabandika tangazo mlangoni: hatupokei taslimu. Watu wanalipana kwa Swish, programu ya simu ya kutumiana pesa. Usifikiri ni kama M-Pesa, ukaweka kidole na namba ya NIDA, jioni unatuma hela. Swish inataka akaunti ya benki na BankID, yaani kitambulisho cha kwenye simu kinachotolewa na benki, na BankID inataka namba ya utambulisho, ambayo hupewi bila kibali cha kukaa mwaka au zaidi.

Wakati nasubiri kibali nilikuwa nasugua majiko ya mgahawa usiku. Bosi akanilipa kwa noti, tena pungufu ya tulivyokubaliana, na sikuwa na pa kumshtaki. Noti ya krona 1000 ina sura ya Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefia karibu na Ndola mwaka 1961, akihangaikia vita vya Congo. Nilikuwa nayo mfukoni, theluji inaanguka, na basi halipokei taslimu. Nikatembea hadi nyumbani, vidole vimekufa ganzi.

Na acheni kuzidisha tu krona zangu kwa shilingi 200. Hawa waliikataa yuro kwa kura mwaka 2003, na krona yao inapanda na kushuka tangu walipoiachia soko liipangie thamani 1992. Ikishuka, mnachopokea kinapungua, saa zangu za kazi ni zilezile, halafu mnaniuliza mbona mwezi huu kidogo. Mshahara unaingia tarehe 25. Kabla ya hapo msiniombe. Dawa za Mama niombeni hata tarehe 20, nitakopa.

Usije, Salma. Au njoo, lakini kwa njia ya chuo, kibali kikiwa mkononi kabla hujapanda ndege. Sisi wa nje ya Ulaya tunalipa ada tangu 2011, kwa hiyo tafuta ufadhili kwanza. Unayo akili ya kuupata. Nitumie vyeti vyako wiki hii, maombi ya shahada ya uzamili hufungwa katikati ya Januari. Na kiwanja Mama asikiguse.