Nampenda Edward, ila ananikera

SWALI: Shikamoo dada. Rafiki yangu kaniazima Twilight ya Stephenie Meyer, ile Bella anahamia kimji cha mvua kinaitwa Forks, jimbo la Washington huko Marekani, anampenda kijana wa darasani kwao kumbe ni vampaya. Nimesoma mpaka saa nane usiku, kesho yake kazini nasinzia, lakini huyo Edward ananiudhi kweli, mara amfuatilie, mara amuamulie. Sasa kaniletea cha pili, New Moon. Nisome au nimrudishie? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hauko peke yako, tangu kitoke 2005 watu wanakibishania hivyo hivyo. Kunasa kinanasa, tusidanganyane, maana anayesimulia ni Bella mwenyewe na wewe hujui zaidi ya anachojua yeye, kwa hiyo kijana akimkunjia uso tu kwenye kipindi cha bailojia unafungua kurasa na kurasa unatafuta kakosewa nini.

Ila ile ya chumbani, jamani! Edward anakiri kwamba usiku huwa anaingia kwa Bella kumtazama akiwa amelala, na mwenzetu badala ya kupiga yowe anaona aibu, asije akawa ameropoka kitu usingizini. Sie tuliokulia Pwani, anayekuja chumbani usiku bila kubisha hodi na hataki mwingine akusogelee tunamuita jini mahaba, na huyo anaitiwa shehe. Umri wake wala haunisumbui, kageuzwa vampaya 1918 akiwa na miaka 17 na bado yupo shule, hadithi ni hadithi bwana. Mimi kilichonishinda ni cha tatu, Eclipse, anachomoa kitu kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumuona Jacob, rafiki yake anayegeuka mbwamwitu, halafu siku anazokwenda kuwinda anamhonga dada yake Alice Porsche ya njano abaki anamchunga. Hapo uvampaya hauhusiki tena, wanaume wa hivyo tunao mtaani na juani hawameremeti kama vampaya wa Meyer.

Na kingine, hao Waquileute, kabila la kina Jacob, ni wenyeji asilia wa Marekani, watu wa kweli, wapo La Push karibu na Forks mpaka leo, na wana simulizi zao wenyewe za mbwamwitu, kwa hiyo usije ukadhani ya kitabuni ndo mila zao.

Cha pili soma tu. Humo Edward anaondoka mapema sana, Bella anavunjika mpaka unakuta kurasa nne zimeandikwa jina la mwezi tu, Oktoba hadi Januari, maneno mengine hamna. Hapo utajijua, ukiona unammisi Edward basi maliza vyote vinne na kelele zako, ukiona unapumua, rudisha vitabu vya watu.