Betri haijafa, fungua boneti kwanza

Juzi dada mmoja wa Moshi kanitumia meseji, Vitz yake asubuhi inagoma, akiwasha inalia tk tk tk basi, na fundi ameshamwambia betri imekufa atafute laki mbili. Roho ikaniuma, maana hiyo laki mbili mimi nilishaitoa.

Mwaka juzi mwezi wa saba, na wa Arusha mnaijua baridi ya mwezi wa saba, nilikuwa na mteja wa kupeleka uwanja wa ndege wa KIA saa 11 alfajiri kutoka Sakina. Noah ikagoma. Redio inaimba, taa za dashi zinawaka, ila ukizungusha ufunguo starta inagonga mara moja, taa zinafifia, kimya. Majirani wakatoka na mablanketi mabegani wasukume, nikawaambia jamani hii otomatiki, kwa kusukuma haiwaki. Mteja akaangalia saa, akaita teksi nyingine. Nilikuwa nampeleka kila mwezi, mpaka leo hajanipigia.

Fundi akaja, hata mita ya volti hakutoa, akasema betri. Nikanunua mpya. Ya zamani, ile niliyoipaka doa la rangi ya kucha ya wife upande wa chanya, akaibeba yeye, eti "nikusaidie kuitupa bro". Wiki ya tatu, tk tk tk ileile.

Ndo nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme, Unga Limited. Akagusisha waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri, mwingine kwenye kichwa cha kebo kinachoibana, akasema piga starta. Mita ikasoma volti 2 na ushee. "Hapo inatakiwa karibu na sifuri mwanangu, umeme wako unaishia hapa." Akafungua. Ndani peusi kama sufuria la kuni, pembeni ungaunga mweupe na wa kijani, na katikati yule fundi wangu alichomeka kibati kakata kwenye kopo la soda ili kibane! Nilishindwa hata kucheka.

Sasa dada yangu, sikiliza. Zima gari, vua pete, vaa glavu, ule unga unakula ngozi na rangi ya gari. Spana namba 10, anza kufungua hasi, siku zote hasi, ukianza na chanya alafu spana ikagusa bodi ni cheche, na betri inatoa gesi inayolipuka. Chukua kijiko cha magadi, haya haya ya makande, koroga kwenye kikombe cha maji ya moto, angalia vifuniko vya betri vimefungwa yasizame ndani, mwagia taratibu juu ya ule unga. Itachemka povu, likiisha mwagia tena mpaka isitoe. Alafu msasa au brashi ya waya, na usugue NDANI ya kichwa mpaka king'ae, watu wanasugua juu panapoonekana, ni sawa na kuoga miguu tu. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, ndo upake grisi au mafuta ya mgando kwa juu. Na waya wa athi, ule unaotoka hasi, ufuate mpaka unapofungwa kwenye bodi, wangu niliukuta na kutu chini ya vumbi la Kwa Mrombo.

Ikigoma bado, pima betri kwa mita ikiwa imetulia, yaani gari imekaa imezimwa. Ikisoma volti 12.6 imejaa chaji, huenda tatizo liko kwingine. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza ndo uongelee kununua.

Jamani tunaosha gari kila jumamosi, rimu zinang'aa, boneti hujafungua tangu Pasaka, alafu fundi akisema toa laki unatoa. Tumia macho yako!

Yule fundi nampita karibu kila siku. Kwenye kibanda chake kuna betri inachaji simu za watu, ina doa la rangi ya kucha upande wa chanya. Naambiwa inafika mpaka usiku.