Nimepimwa mara moja tu, bima wameshaniandika nina presha

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 41, nilienda kupimwa kwa ajili ya bima ya maisha, nikafika nimechelewa nahema, nesi akanipima hapo hapo ikasoma 148/92. Sasa kampuni wanataka nilipe ada kubwa zaidi eti nina presha, na mimi sijisikii chochote. Nikajaze fomu kampuni nyingine niseme sina?

JIBU: Marahaba. Hapana, usifanye hivyo jamani. Ukificha na baadaye wakalikuta kwenye faili la hospitali, wanaoumia ni watoto wako, maana kampuni inaweza kukataa kuwalipa wakati wewe haupo tena kujieleza.

Ila nakubaliana na wewe kwamba kipimo kimoja cha mtu anayehema hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, na hili linaniuma kwa sababu naliona sana. Ulitakiwa ukae kimya kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, umeshakojoa, na mkanda unaokutosha mkono, maana ukiwa mdogo namba inapanda. Halafu kuna watu presha inawapanda wakimwona daktari tu, wakirudi nyumbani inashuka.

Na hizo namba zenyewe watu wanaziweka. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walishusha mpaka wa kuhesabiwa una presha kutoka 140/90 hadi 130/80, na watu wazima wanaohesabiwa kuwa na presha huko wakaruka kutoka kama asilimia 32 hadi 46, miili ni ile ile. Shirika la Afya Duniani bado linatumia 140/90. Kwa hiyo waulize bima wanatumia mpaka upi na vipimo vingapi.

Sasa nunua au azima mashine ya mkononi, ile ya juu ya kiwiko sio ya kifundo cha mkono, pima asubuhi na jioni siku 7, mara mbili mbili, andika zote hata zile mbaya. Wastani wa nyumbani ukiwa chini ya 135/85, mwombe daktari akufanyie kile kipimo cha masaa 24, unavaa mashine inakupima mchana na usiku, kisha aandike barua, uipeleke bima uombe wakuangalie upya. Ukiwa juu, basi presha unayo kweli, kutojisikia chochote sio dalili ya uzima, wengi hawasikii kitu mpaka siku ya kiharusi. Hapo anza matibabu, na baada ya miezi kadhaa ikitulia rudi tena bima na rekodi zako, kampuni nyingi zinamwangalia tofauti mtu ambaye presha yake imedhibitiwa.