Kava la DB likikataa kufunga, usilisukume

Wiki hii barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja: kufunga kava la DB, yaani boksi la breka za umeme wa nyumba. Ndiyo kazi ya mwisho, mtu kachoka, giza linaingia, mwenye nyumba anataka taa. Na hapo ndipo waya usio na kasoro unapotobolewa na skrubu.

Shikamoo fundi. Nimefunga DB ya njia 8. Kava likiwa wazi kila kitu kinawaka. Nikikaza skrubu ya chini kushoto, breka ya soketi inaruka. Nibadilishe breka? (Fundi kijana, Mwanza)

Marahaba kijana wangu. Breka ni nzima, iache. Skrubu hiyo imeuma waya. Zima mein swichi, kisha upime kwa tesita kabla ya kugusa chochote. Kumbuka kwamba nyaya zinazotoka kwenye mita kuingia mein swichi zina moto hata ukiizima. Toa kava, mulika tochi pale ncha ya skrubu inapotokea, upindue waya mmoja mmoja. Usitafute waya uliokatika. Tafuta mikwaruzo miwili mitatu iliyopangana kwenye ganda, kama alama za meno ya panya, na katikati yake kidoa cha shaba kisichozidi kichwa cha pini.

Na ushukuru kwamba iliruka. Imeruka kwa sababu boksi lako la chuma lina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), kwa hiyo moto ulipogusa skrubu ulipata njia na breka ikakata. Niliwahi kuitwa kwenye duka la nafaka, mwenyewe analalamika kwamba DB "inamtekenya". Nilipopima kati ya kava na ethi nikakuta karibu volti 230. Skrubu ilikuwa imetoboa waya wa moto, na ule waya wa njano na kijani wa boksi ulikuwa umechomolewa, umeachwa unaning'inia. Hakuna breka ambayo ingeruka hapo. Alikuwa amevaa ndala na sakafu ilikuwa kavu. Angekuwa peku siku ya mvua, ningeitwa msibani. Kwa hiyo kila unapofungua boksi la chuma, uvute kidogo waya wa ethi uone umeshika, na kama mlango wake una ethi yake, uirudishe kabla hujafikiria skrubu.

Skrubu za kava zimepotea. Nina zile nyeusi za jipsamu, zinafaa? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, hata kwa usiku mmoja. Skrubu ya jipsamu imechongwa ncha kali ili itoboe. Skrubu ya kava ina ncha butu kwa makusudi: ikikutana na waya, iusogeze badala ya kuuchoma. Chukua moja iliyobaki, nenda nayo dukani, ufananishe unene, nyuzi na urefu.

Urefu ndio wengi wanaoudharau. Skrubu za soketi zetu za pini tatu bapa ni M3.5 (unene wa milimita 3.5), na fundi hununua za milimita 50 kwa kuwa "zinaingia kila mahali". Kwenye boksi la kina cha milimita 35, ncha yake inafika hadi mgongoni, na huko nyuma ndiko nyaya zilikokunjwa. Nunua fupi. Ukilazimika kukata ndefu, isugue ncha kwa tupa, maana palipokatwa hubaki na ukingo mkali kama wembe. Na uikaze kwa bisibisi ya mkono. Drili haina hisia. Mkono unasikia skrubu inapoanza kuwa nzito kabla ya wakati wake, na hapo unasimama na kuirudisha nyuma.

Nyaya zimejaa, kava halikai. Nisukume kwa goti? (Mjenzi, Kisumu)

Usisukume. Zipange kwanza: zibane pembeni mwa boksi kwa tai za plastiki, mbali na matundu ya skrubu na ukingo wa kava. Zikigoma bado, boksi ni dogo, nunua kubwa.

Waya umechubuka kidogo, nizungushie tepu tu? (Msomaji, Tanga)

Kama mchubuko uko karibu na breka na waya una urefu wa kutosha, kata hapo na uunge upya kwenye breka. Kama hautoshi, vuta mwingine. Tepu hulegea kwa joto, na kava likirudi skrubu itapita palepale.

Tangu fundi afunge kava jipya, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) inaruka nikiwasha pasi. Taa peke yake hazina neno. Pasi imeharibika? (Mama mwenye nyumba, Dar es Salaam)

Ijaribu kwa jirani mwenye RCD, mama. Ikipiga kazi vizuri huko, basi huenda kava limebana waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ukagusa chuma. Nyutro iliyobanwa haitoi cheche wala kurusha breka ya kawaida. Inavujisha umeme kwenye ethi, na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo uvujaji unavyoongezeka. Taa ni mzigo mdogo, pasi ni mkubwa. Mwite fundi huyohuyo, mwambie aje na mega, kipimo cha uzima wa ganda la nyaya. Azime mein swichi, achomoe vyombo vyote, apime kwa volti 500 kati ya nyaya na ethi kava likiwa limefungwa, kisha likiwa wazi. Chini ya megaohmu 1 asikubali. Namba ikipanda kava linapotoka, atajua pa kumulika tochi.