Punguzeni hizo "Je, una uhakika?"

Wadogo zangu mliojiunga na timu mwezi huu, nimepitia skrini zenu na kila kona nimekutana na "Je, una uhakika?" Hata mtu akibadilisha picha ya wasifu! Kila kundi jipya huanza hivi, na kila mara moyo hunienda mbio.

1. Wekeni Tendua, yaani kitufe cha kufuta alichokifanya mtu na kumrudisha alipokuwa. Swali libaki pale tu ambapo hakuna kurudi nyuma, nalo litaje jambo lenyewe: anayetuma pesa kwa simu hushtuliwa na jina la mpokeaji asiyemjua, si na neno "uhakika".

2. Ujumbe wa hitilafu useme nini kimeharibika na mtu afanyeje. Hapa nisikilizeni vizuri. Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Machi 1986, huko Tyler, Texas, mhudumu aliingiza "x" (eksirei) badala ya "e" (elektroni), yaani aina ya mionzi, akarudi juu akasahihisha chapuchapu, maana kazi alikuwa ameizoea. Alipoiwasha, mashine ikasimama: "Malfunction 54". Basi, hakuna zaidi. Kumbe maana yake ni kwamba kipimo cha mionzi kimezidi mno au kimepungua mno. Sasa mtu ashike lipi? Mashine ile ilisimamasimama kila mara bila madhara, kwa hiyo akabonyeza P kuendelea. Mgonjwa alikuwa ameshaunguzwa na mionzi. Akapigwa tena akijaribu kuinuka. Alifariki miezi mitano baadaye. Simlaumu mhudumu yule hata chembe. Skrini ndiyo iliyomfundisha kubonyeza P.

3. Mnajaribu programu ili kuthibitisha mnachoamini tayari. Wahandisi wa AECL walifika Tyler, hawakuona kitu, wakashikilia kwamba mashine haiwezi kuzidisha kipimo. Ikarudishwa kazini, na Aprili mgonjwa mwingine akaunguzwa. Ndipo mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, alipoketi na mhudumu yuleyule, wakarudia na kurudia hadi wakaipata siri: kasi. Masahihisho yakikamilika ndani ya sekunde 8, sehemu ya mashine haikuyaona. Mhandisi wa kampuni naye alishindwa kuirudia hitilafu hiyo mpaka alipoambiwa achape haraka.

4. Jumatatu leteni skrini zenu. Atakayezijaribu ni dada wa dawati la malipo, yule anayechapa bila kutazama kibodi. Ninyi mtakaa pembeni na daftari, midomo imefungwa, hata akikwama.